Ukiprinti PDF picha inatoka na kiboksi cheupe? Cheki hivi

Kwenye skrini picha iko safi, kivuli kimekaa vizuri, ukiprinti tu unakuta kiboksi cheupe kimeizunguka, inauma kweli hasa kama kazi ni ya mtu. Anza na faili la picha, kama ni JPEG usihangaike, hiyo haibebi uwazi kabisa, yaani sehemu za picha zinazoonyesha kilicho chini yake, tafuta PNG au PSD (faili la Photoshop). Faili likiwa sawa angalia toleo la PDF ulilotoa, maana PDF 1.3 haijui uwazi, programu inalazimika kuiunganisha picha na kila kilicho chini yake kuwa kitu kimoja na hapo ndo rangi zinavurugika, kwa hiyo eksipoti upya kwa 1.4 kwenda juu, au PDF/X-4, aina ya PDF ya kuchapishia, kama inaenda kwa mchapaji. Bado? Kivuli kikilalia rangi maalumu, yaani wino uliochanganywa tayari kama Pantone na wenzake, mara nyingi ndo chanzo, igeuze rangi hiyo iwe CMYK, zile rangi nne za kawaida za kuchapa. Ukiona na vimistari vyeupe vyembamba kwenye skrini, vuta karibu, unene usipobadilika ni skrini tu, havitatoka kwenye printi. Ukiwa na haraka sana, Acrobat, programu ya kufungulia PDF, inakuruhusu kuprinti ukurasa kama picha, ila maandishi madogo yatafifia kidogo.