Choquequirao kwa Miguu: Namna ya Kujiandaa na Kuufikia Mji wa Wainka

Msafiri anayetaka kutembea katika milima ya Andes nchini Peru hadi kwenye magofu ya Wainka, watawala wa kale wa milima hiyo, huiwazia kwanza Njia ya Inka inayoishia Machu Picchu, mji wao maarufu zaidi. Ni njia nzuri, lakini ina masharti mengi: hairuhusiwi kuipita bila kampuni yenye leseni, watu wanaoingia hawazidi 500 kwa siku wakiwemo waongozaji na wapagazi, vibali humalizika miezi kadhaa kabla, na kila Februari njia hufungwa ili itengenezwe. Mwenye miguu imara na subira namshauri aende Choquequirao, mji uliojengwa kwenye bega la mlima, mita 3,050 hivi juu ya usawa wa bahari, ukilitazama korongo la mto Apurímac. Huko huhitaji kuomba nafasi miezi mingi mapema, na hakuna gari wala treni inayofika. Mpango wa kujenga gari la kamba umezungumzwa kwa miaka mingi. Kabla haujatekelezwa, mji huu bado unafikiwa kwa jasho, na wageni wake ni wachache.

Jambo la kwanza ni kulielewa umbo la safari yenyewe. Anayepanda Kilimanjaro hupanda kwa siku kadhaa, akafika kileleni, kisha akashuka. Hapa mambo ni kinyume: unaanzia juu, Capuliyoc, penye mita 2,900 hivi, unateremka hadi mtoni kwenye mita 1,500, kisha unaukwea ukuta wa pili wa korongo kwa karibu mita 1,400 nyingine, na kurudi ni vivyo hivyo. Ukianzia kijiji cha Cachora, kilicho kabla ya Capuliyoc, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 60. Kwa hiyo kinachowashinda wengi ni magoti na joto kuliko uhaba wa hewa. Fanya mazoezi ya kushuka, si ya kupanda tu, ukiwa na mzigo mgongoni, kwa wiki kadhaa kabla ya kusafiri. Buti zako ziwe zimeshazoea miguu yako, na kucha za vidole uzikate fupi siku moja kabla ya kuondoka, kwa maana kwenye mteremko wa saa nyingi kidole gumba hugonga ncha ya kiatu katika kila hatua, na kucha ndefu haitafika mtoni salama.

Hata hivyo hewa nayo isidharauliwe, kwa kuwa wasafiri wengi hupitia Cusco, mji ulio kwenye mita 3,400. Ni busara kushuka mara moja hadi Bonde Takatifu lililo karibu, ukalala siku mbili Ollantaytambo, penye mita 2,800 hivi na penye magofu yake makubwa, ndipo urudi Cusco mwili ukiwa umezoea. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikizidi, usipande zaidi; ukianza kuyumba, au ukipumua kwa shida hata ukiwa umeketi, shuka mara moja na utafute tiba. Wenyeji watakukaribisha chai ya majani ya koka, ambayo kwao ni kinywaji cha kawaida cha halali, lakini usiyabebe majani hayo kurudi nyumbani, kwani nchi nyingi zimeyapiga marufuku.

Majira yanayofaa ni kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hulegeza ardhi, na maporomoko huweza kuifunga njia.

Kutoka Cusco hadi Cachora ni mwendo wa takriban saa nne kwa gari. Hapo unaweza kukodi nyumbu, yaani yule mnyama chotara wa punda na farasi, pamoja na mwendeshaji wake, ambaye wenyeji humwita arriero. Nakushauri umkodi hata kama una nguvu za kubeba shanta lako mwenyewe: ndiye anayeijua njia, ndiye anayejua chemchemi ipi imekauka, na malipo yako yanabaki kijijini. Patana naye kabla ya kuondoka kuhusu idadi ya siku na chakula chake, na umlipe kwa fedha taslimu. Noti ndogo za sol, fedha ya Peru, ubebe za kutosha, kwa sababu njiani hakuna mashine ya kutolea fedha.

Siku ya kwanza ondoka alfajiri. Njia inashuka kwa kujipindapinda kwenye vumbi na changarawe, na fimbo mbili za kutembelea zitakuokoa magoti. Kufikia saa tano asubuhi korongo huwaka jua kama tanuri, tena kivuli ni haba; hivyo pumzika kwenye kambi ya Chiquisca mchana, kisha uteremke hadi kambi ya Playa Rosalina kando ya mto jioni. Huko kuna usubi wengi. Vaa mikono mirefu na soksi ndefu hata kama joto linakusumbua, kwa sababu wanakuuma bila wewe kuhisi, na kuwashwa kunakuja baadaye kwa siku nyingi. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, jina Apurímac lina maana ya bwana anayesema, na ukilala pale utalielewa usiku kucha.

Siku ya pili vuka daraja saa kumi alfajiri, taa ikiwa kichwani, ili jua likukute ukiwa umekwisha kupita kambi ya Santa Rosa. Maji yote ya njiani yatibu kwa vidonge au uyachemshe, maana juu yako kuna nyumbu na ng'ombe. Ukifika Marampata, kijiji kidogo cha familia chache, lala hapo. Magofu yako karibu, na siku ya tatu nzima itakuwa yao.

Mji huu ulijengwa katika karne ya 15, enzi za mfalme Pachacuti na mwanawe Túpac Inca Yupanqui, na jina lake lina maana ya susu ya dhahabu. Mvumbuzi Mmarekani Hiram Bingham alifika hapa mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kufika Machu Picchu. Usitafute mawe makubwa yaliyochongwa kama ya Cusco. Jiwe la hapa hupasuka kwa matabaka, kwa hiyo mafundi walilijenga kwa udongo na kupaka kuta lipu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana ukichungulia kwenye vishubaka vya ndani. Milango ni mipana chini na myembamba juu. Sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu.

Wengi huridhika na uwanja mkuu wakarudi kambini. Usifanye hivyo. Teremka upande wa pili wa mgongo wa mlima hadi kwenye matuta ya ngazi ambako llama, wanyama wa mizigo wa Andes, zaidi ya ishirini wamechorwa ukutani kwa mawe meupe yaliyopangwa ndani ya mawe meusi, kila mnyama akielekea juu kana kwamba msafara wote unapanda mlima. Ni ngazi nyingi na kali, na kupanda tena kutakuchosha. Nenda asubuhi, na usikanyage kingo za matuta.

Kurudi panga siku mbili, na ule mpando wa mwisho kutoka mtoni hadi Capuliyoc uuanze usiku, ukiwa na lita tatu za maji. Wenye siku nane au tisa wanaweza kuendelea hadi Machu Picchu kupitia Yanama, lakini njia hiyo inavuka kipito cha zaidi ya mita 4,600, na hema pamoja na mfuko mzito wa kulalia ni vya lazima. Takataka zako zote, hata karatasi za chooni, zifunge kwenye mfuko na urudi nazo hadi Cusco.