Wallingford kwa siku moja kutoka London: treni, soko la Ijumaa na matembezi kando ya Thames

Wageni wakija Uingereza orodha yao ni ileile: Big Ben, Windsor, picha nje ya uwanja wa Arsenal. Sina ugomvi nayo. Ila mgeni akiniambia anataka kuona mji wa zamani wa Kiingereza wenye mto, soko na watu wanaoishi maisha yao ya kila siku, simpeleki Windsor kusukumana na mabasi ya watalii. Namwelekeza Wallingford, Oxfordshire, ukingo wa magharibi wa mto Thames, kati ya Reading na Oxford.

Maelezo haya yametokana na simu ndefu niliyopigiwa na shemeji yangu. Alikuwa Paddington, kituo kikuu cha treni London, na mama yake aliyetoka Tanga, wamesimama mbele ya ubao wa treni hawajui wapande ipi. Mambo ya viza, malazi na namna ya kufika Paddington naruka.

Hatua ya 1: Nenda Ijumaa

Ijumaa ndiyo siku ya soko, tena asubuhi, kwa sababu mchana wachuuzi wanaanza kufungasha. Usipoweza, Jumamosi inafaa. Jumapili sikushauri kabisa, utapiga picha za milango iliyofungwa. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo mimi hupendelea Mei hadi Septemba.

Hatua ya 2: Tiketi na treni

Safari nyingi huharibikia hapa. Nitasema kwa kirefu, hata ukiniona nakera.

Kwanza, Wallingford haina treni ya kawaida. Iliwahi kuwa nayo: reli ndogo kutoka Cholsey ilifunguliwa 1866 na ikaacha kubeba abiria 1959. Wapenzi wa reli wameifufua, na treni yao, ambayo wenyeji huiita Bunk, hutembea siku chache zilizopangwa, hasa wikendi na sikukuu. Watoto wataifurahia, lakini usiijengee ratiba yako. Ukiona mstari wa reli kwenye ramani ya simu unaoingia mpaka Wallingford, usishangilie kabla hujafungua kalenda yao. Kituo chako ni Cholsey, kama kilomita tano kutoka Wallingford.

Pili, tiketi. Sisi wa London tumezoea kugusa kadi getini na kwenda zetu. Upande huu wa nchi Oyster, kadi ya usafiri ya London, inaishia West Drayton. Kadi ya benki ya kugusa inafika Reading na haivuki hapo. Cholsey ni kituo cha nne baada ya Reading kwa treni ya kila kituo. Ukigusa Paddington ukaenda kushuka Cholsey, huna mahali halali pa kufungia safari yako, na mkaguzi akikukuta njiani anaweza kukuandikia faini. Tangu Januari 2023 faini hiyo ni pauni 100 juu ya nauli, au 50 ukilipa ndani ya siku 21. Kumwonyesha kwamba una hela kwenye kadi hakukusaidii. Atakachotaka kuona ni tiketi.

Kwa hiyo nunua tiketi ya kwenda na kurudi, Paddington hadi Cholsey, ya aina inayoitwa Off-Peak, yaani ya nje ya saa za msongamano. Wikendi inatumika siku nzima. Ijumaa ni siku ya kazi, hivyo lazima usubiri msongamano wa asubuhi upite. Saa inayoruhusiwa huonyeshwa unaponunua, isome kabla hujalipa. Nunua kwenye tovuti ya kampuni ya treni yenyewe au dirishani. Zile programu kubwa za simu zinazouza tiketi za kampuni zote nyingi hukuongezea ada, na tiketi ni ileile kwa bei ileile. Sioni sababu ya kumlipa mtu wa kati.

Mkiwa watu watatu hadi tisa, tafuteni punguzo la kikundi linaloitwa GroupSave, ambalo hukata karibu theluthi ya nauli. Mtoto chini ya miaka mitano hasafiri kwa nauli, wa miaka mitano hadi 15 analipa nusu.

Tatu, treni yenyewe. Shemeji alikuwa anatafuta neno Cholsey kwenye ubao wa Paddington na halioni. Kwa kawaida hutaliona juu, kwa sababu treni inayosimama Cholsey ni ile ya polepole ambayo mwisho wake ni Didcot Parkway. Treni za Bristol, za Cardiff na zile za haraka za Oxford zinapita Cholsey kwa kasi, bango la kituo unaliona likipepea tu dirishani. Fanya hivi:

Panda treni yoyote ya haraka inayosimama Reading. Ni chini ya nusu saa. Treni ya Elizabeth line nayo inafika Reading, lakini inasimama kila mahali. Iache, labda uwe unatokea Southall au Slough. Ukifika Reading usitoke nje. Tazama ubao, tafuta treni inayoishia Didcot Parkway, halafu soma chini yake majina ya vituo: Tilehurst, Pangbourne, Goring & Streatley, Cholsey. Ukiliona jina Tilehurst, ndiyo hiyo. Ukiona Didcot imetajwa katikati ya safari ya Bristol au Swansea, iache iende.

Ukipanda isiyo yako ukapitilizwa hadi Didcot, usihangaike na usitoke getini. Mtafute mfanyakazi wa kituo, mweleze ulivyopotea, kisha panda treni ya kila kituo inayorudi Reading. Cholsey ni kituo cha kwanza.

Ukimwandikia mgeni aliyetoka nyumbani kwamba treni ni ya 09:42, ongeza "saa tatu na dakika 42 asubuhi". Ratiba zote ni za saa 24, na mgeni aliyechoka na safari husoma anachokizoea. Jambo la mwisho: choo, maliza Paddington au Reading. Cha Paddington ni bure tangu 2019.

Hatua ya 3: Kutoka Cholsey, tembea

Wengine huita teksi. Mimi nasema tembea, isipokuwa kama mna mzee mwenye magoti au kigari cha mtoto. Kutoka kituoni fuata Papist Way mpaka barabara kuu, ivuke kwa uangalifu, endelea mbele Ferry Lane mpaka uone maji. Geuka kushoto. Kuanzia hapo mto uwe mkono wako wa kulia mpaka Wallingford. Uko kwenye Thames Path, njia ya miguu inayoufuata mto huu kutoka chanzo chake mpaka London.

Kabla ya kuondoka nyumbani angalia kimo cha mto kwenye tovuti ya serikali, hasa Novemba hadi Machi. Thames hufurika, na njia hii inapita kwenye malisho tambarare, kwa hiyo maji yakipanda kidogo tu njia inageuka dimbwi. Hata kiangazi vaa viatu unavyoweza kuviosha. Ng'ombe wa malishoni wapite pembeni kimya kimya, usimpige picha ndama kwa karibu.

Ukikaribia mjini huenda ukasikia mtu anafoka kwa kipaza sauti juu ya maji. Mara nyingi ni kocha wa makasia: Chuo Kikuu cha Oxford kina banda lake la mashua hapa, na vijana wanaojiandaa kwa mashindano ya kila mwaka dhidi ya Cambridge hufanyia mazoezi kwenye kipande hiki cha mto. Simama uwatazame. Watu wanane wanachota maji kwa pamoja na mashua inapita karibu bila sauti, halafu anayefoka anapita nyuma yao kwenye boti ya injini, na mawimbi yake yanakuja kulamba ukingo uliposimama.

Kuna njia ya pili, ya mashambani, inayopitia kanisa la St Mary's la Cholsey, alikozikwa Agatha Christie. Mwandishi huyo alinunua nyumba ya Winterbrook, nje kidogo ya Wallingford, mwaka 1934, na alifariki humo Januari 1976. Nyumba ni ya watu binafsi, unaiona ukiwa barabarani tu. Kama wewe ni msomaji wake pita huku. Kama si msomaji, mto ni bora.

Hatua ya 4: Sokoni

Soko liko Market Place, mbele ya jengo la Town Hall la mwaka 1670, lililosimama juu ya nguzo huku chini yake pakiwa wazi. Pata kivuli hapo kwanza uvute pumzi.

Matunda mengi huuzwa kwa bakuli: bakuli moja, bei moja, kama mafungu yetu. Mchuuzi anamimina bakuli lote kwenye mfuko wako, kwa hiyo litazame kabla hajaliinua, nyanya laini huwa za chini. Njoo na mfuko wako mwenyewe. Madukani mfuko wa plastiki ni angalau peni 10. Mama yake shemeji alimnong'oneza, "Mwanangu, muulize mwisho wake shilingi ngapi." Hapa bei haijadiliwi, na ukilazimisha watakuona mtu wa ajabu. Subiri wakati wa kufungasha uone kama wataanza kupunguza wenyewe. Kadi wengi wanapokea, ila weka pauni chache za sarafu mfukoni.

Hatua ya 5: Mji wenyewe, kwa mpangilio huu

Anzia Kinecroft, uwanja wa nyasi upande wa magharibi. Lile tuta la udongo lililouzunguka watu hulipita wakidhani ni kilima. Ni ukuta wa mji wa enzi ya mfalme Alfred, karne ya 9, uliojengwa kuwazuia Wadenmaki waliokuwa wakipanda na mito. Panda juu yake utembee. Karibu na hapo kuna sanamu ya shaba ya Agatha Christie ameketi kwenye benchi, iliyowekwa 2023. Wageni wote hupiga picha pale.

Kutoka hapo nenda kwenye bustani na malisho ya ngome. Mwaka 1066 William wa Normandy, baada ya kushinda vita vya Hastings, alivuka Thames hapa akielekea kuizunguka London, na muda mfupi baadaye ngome ikajengwa. Desemba 1142 Matilda, aliyekuwa akigombea taji na binamu yake Stephen, alitoroka usiku kutoka Oxford iliyozingirwa, akapita kwenye theluji mpaka akafika kwenye ngome hii. Mwanawe alipokuja kuwa mfalme Henry II aliupa mji hati ya haki zake mwaka 1155, kama shukrani. Ngome ilivunjwa 1652 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa amri ya utawala wa Cromwell. Zimebaki kuta chache na handaki zenye majani. Nakwambia mapema usije ukalalamika kwamba hukuona minara.

Halafu kanisa la St Peter's, lenye mnara mwembamba uliotobolewa unaoonekana ukiwa mtoni. Amezikwa humo William Blackstone, mwanasheria aliyeandika juzuu nne za kueleza sheria za Uingereza kati ya 1765 na 1769. Ukiwa na mwanasheria kwenye msafara wako mpe muda: sheria ya mazoea ya Kiingereza (common law) aliyoifafanua ndiyo iliyokuja kupokelewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na bado inatajwa mahakamani.

Maliza na daraja. Lina urefu wa karibu mita 270, na sehemu kubwa yake haiko juu ya maji bali juu ya malisho yanayofurika. Usilivuke tu kwa juu. Shuka ukingoni uchungulie chini: matao yaliyochongoka ni ya enzi za kati, na ndani yake utaona mbavu za mawe. Yaliyoviringika ni ya matengenezo ya 1809, baada ya mafuriko. Ng'ambo ni Crowmarsh, ambako Jethro Tull alikuwa akilima alipotengeneza mashine yake ya kupanda mbegu kwa mistari, mwaka 1701. Kiangazi kuna bwawa la kuogelea la wazi upande huo, kwa wenye watoto.

Hatua ya 6: Chakula na sala

Migahawa ipo ya kutosha, lakini nyama halali sijaitegemea hapa, na misikiti ya karibu iliyo rahisi kufikika iko Reading na Oxford. Tunabeba chapati, mayai na chupa ya chai, tunakula kwenye malisho ya ngome, na mkeka unatandikwa hapohapo.

Hatua ya 7: Kurudi

Baada ya siku nzima miguuni hakuna atakayetaka kurudi Cholsey kwa mguu. Basi linalotoka Oxford kwenda Reading hupita mjini, na tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya Uingereza haizidi pauni tatu. Shukeni Reading mpande treni ya London kwa kipande cha kurudi cha tiketi ileile ya Cholsey. Tiketi ya Off-Peak kwa kawaida inaruhusu kuanzia kituo cha katikati ya njia. Ya Advance, ile inayokufunga kwenye treni moja uliyochagua, hairuhusu, na hiyo ni sababu ya kutoinunua.