Zoezi la kurejesha hifadhidata ya PostgreSQL, peke yako na pamoja na wenzako wa fani

Kuchukua nakala rudufu ya hifadhidata ni kazi ambayo seva huifanya yenyewe kila usiku bila mtu kukesha. Jasho liko kwenye kuirejesha, na wasimamizi wengi huifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza siku ambayo diski imekufa, simu zinalia na meneja amesimama mlangoni akiuliza mfumo utarudi lini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya mapema, katika siku ya kawaida, kwa hifadhidata ya PostgreSQL. Mfano utakaotumika ni SACCOS yenye seva moja ofisini, kwa kuwa ofisi za namna hiyo ni nyingi Tanzania na Kenya na mara nyingi humtegemea msimamizi mmoja tu.

Anayedhani jambo hili ni la ofisi ndogo peke yake asome kisa ambacho GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu mtandaoni, ilikichapisha yenyewe hadharani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyoachwa nyuma na seva kuu, akafuta saraka ya data huku akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipozitafuta nakala za pg_dump, amri ya PostgreSQL inayoandika yaliyomo kwenye hifadhidata katika faili, hawakuzikuta, kwa sababu programu iliyokuwa ikizichukua ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, na barua pepe za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua kabla hazijamfikia mtu yeyote. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono kiasi cha saa sita kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Zoezi moja tu la kurejesha lingeibua hitilafu ile mapema.

Anza na maswali mawili kwa wenye data

Kabla ya kugusa amri yoyote, kaa na mhasibu na meneja uwaulize wanaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani, na wanaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani. Usikubali jibu la kwamba hakuna kinachoruhusiwa kupotea, maana jibu hilo halina bei. Waonyeshe hesabu: nakala ikichukuliwa saa nane usiku na diski ikafa saa kumi jioni, kazi ya saa kumi na nne imekwenda. Amana zilizopokelewa dirishani zinaweza kuingizwa upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, lakini malipo yaliyoingia kwa simu hayana karatasi ofisini, na kuyaoanisha na taarifa ya kampuni ya simu ni kazi ya siku kadhaa. Majibu yao ndiyo yatakayoamua kama pg_dump inatosha au unahitaji pia kuhifadhi faili za WAL, yaani kumbukumbu ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kulipeleka kwenye faili za data.

Nakala za namna mbili

Kwa pg_dump amri ni fupi:

pg_dump -Fc -d saccos -f /nakala/saccos.dump
pg_dumpall --globals-only > /nakala/watumiaji.sql

Mstari wa pili husahauliwa na wengi. Amri ya pg_dump huchukua hifadhidata moja na yaliyomo, lakini haichukui watumiaji wala nywila zao, kwa kuwa hao ni wa seva nzima. Ukirejesha saccos.dump kwenye seva mpya bila kutanguliza watumiaji.sql, pg_restore, amri ya kurejesha faili hiyo, itakulalamikia kwamba mtumiaji fulani hayupo, mara moja kwa kila jedwali analolimiliki, na programu ya ofisi haitaweza kuingia hata kama data yote imo. Linda faili hiyo ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu imebeba nywila zilizosimbwa.

Namna ya pili huanza na nakala ya msingi ya saraka nzima ya data, kisha kila faili ya WAL inayokamilika, yenye megabaiti 16 kwa kawaida, hunakiliwa pembeni. Mstari wa kwanza hapa chini ni amri, miwili inayofuata huandikwa kwenye faili ya mipangilio, postgresql.conf:

pg_basebackup -D /nakala/msingi -c fast -P
archive_mode = on
archive_command = 'test ! -f /nakala/wal/%f && cp %p /nakala/wal/%f'

Amri ya cp inatosha kujifunzia. Kwa kazi halisi tumia chombo kilichotengenezwa kwa shughuli hii, kama pgBackRest au Barman, ambavyo hukagua, hubana na hufuta nakala zilizopitwa na wakati. Ofisi yenye miamala michache iweke pia archive_timeout, la sivyo faili moja ya WAL inaweza kukaa nusu siku ikisubiri kujaa, na hiyo nusu siku ndiyo utakayoipoteza. Jenga mazoea ya kuangalia mwonekano wa pg_stat_archiver kila asubuhi, hasa safu ya last_failed_time. Unakili ukishindikana, PostgreSQL haizitupi faili za WAL, huzilimbikiza kwenye saraka ya pg_wal hadi diski ijae na seva isimame.

Watumiaji wa Debian na Ubuntu wana mtego wao. Kwenye mifumo hiyo postgresql.conf na pg_hba.conf, faili inayoamua nani aruhusiwe kuingia, hukaa chini ya /etc/postgresql, nje ya saraka ya data, kwa hiyo pg_basebackup haizigusi. Zinakili kwa njia yake.

Nakala inayokaa kwenye chumba kimoja na seva itaungua nayo au itaibwa nayo, kwa hiyo moja lazima itoke nje ya jengo. Wengi huipeleka kwenye wingu, ambalo ni sawa, ila pigeni hesabu ya kuirudisha. Gigabaiti 200 kwa mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde huchukua saa 22 hivi, na hapo mtandao uwe haujayumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima, na mtu ambaye nakala yake pekee ilikuwa ng'ambo hakuwa na njia ya haraka ya kuifikia. Diski ya nje kwenye sefu ya tawi jingine haina sifa za kujivunia mbele ya watu, lakini mimi ningeiweka kabla ya wingu.

Zoezi lenyewe

Tafuta mashine nyingine yenye toleo kuu lile lile la PostgreSQL. Kwa nakala ya msingi, mfumo endeshi nao ufanane, maana maktaba ya glibc ilipofika toleo la 2.28 mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa maneno, na faharasa za maandishi zilizojengwa kabla ya hapo zinaweza kukosa mistari iliyomo kwenye jedwali hadi zijengwe upya kwa REINDEX. Ukitumia pg_dump hilo halikuhusu, kwa sababu faharasa hujengwa upya wakati wa kurejesha.

Kabla ya kuwasha chochote, ikate mashine hiyo na mtandao wa nje. Programu iliyorejeshwa haijui kwamba ni ya zoezi. Ikiwa kuna foleni ya ujumbe ambao haujatumwa, itautuma, na wanachama watapata SMS za mikopo waliyokwisha kuilipa. Weka pia archive_mode kuwa off, ili seva ya zoezi isiandike faili zake kwenye ghala la seva kuu.

Kwa nakala ya msingi, kagua kwanza uzima wake kwa pg_verifybackup /nakala/msingi. Kisha nakili yaliyomo kwenye saraka mpya ya data, hakikisha mmiliki ni postgres na ruhusa ni 0700, unda faili tupu iitwayo recovery.signal ndani yake, na uandike kwenye mipangilio:

restore_command = 'cp /nakala/wal/%f %p'
recovery_target_time = '2025-03-14 14:14:00+03'

Mstari huo wa mwisho unataka utulivu. Mhasibu atakuambia kwamba marejesho ya mikopo yalifutwa saa nane na robo mchana, na wewe unatakiwa kuandika 14:14, dakika moja kabla, ukiweka +03 mwishoni. Kumbukumbu za seva zikiwa zinaandikwa kwa UTC, tukio hilo hilo litaonekana humo saa 11:15, na mtu aliyechoka huinakili namba hiyo jinsi ilivyo na kurejesha hali ya asubuhi. Usiandike EAT, kifupi cha majira ya Afrika Mashariki, mahali pa +03. Vifupisho vya majira kwa kawaida havikubaliki hapo, ila jina kamili kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi linakubalika. Kabla ya kuendelea, mtu wa pili asome saa hiyo kwa sauti mbele ya aliyeitaja.

Washa seva. Hakikisha max_connections si ndogo kuliko ya seva kuu, vinginevyo urejeshaji utakwama. Ukifika kwenye muda uliotajwa, PostgreSQL husimama na kukuruhusu kusoma bila kuandika. Tazama kama mistari iliyofutwa imo. Ikiwa umeishia mapema mno, sogeza muda mbele na uiwashe seva upya. Ikiwa umepitiliza, huna budi kuanza tena kutoka kwenye nakala ya msingi, na kwa sababu hiyo ni heri kuanza na muda wa mapema. Ukiridhika, endesha SELECT pg_wal_replay_resume(). Na seva itaanza kupokea kazi.

Kuwaka kwa seva hakuthibitishi data. Jumlisha salio la wanachama wote na ulilinganishe na urari wa siku hiyo alionao mhasibu kwenye karatasi, kisha endesha pg_amcheck, iliyoanza na toleo la 14, ikague majedwali na faharasa. Aliyetumia pg_restore aendeshe pia ANALYZE, vinginevyo mfumo utakuwa mzito bila sababu inayoonekana, na lawama zitaiangukia nakala. Andika muda uliotumika kutoka uamuzi wa kurejesha hadi mhasibu kukubali, kisha uulinganishe na ule alioutaja meneja katika kikao cha kwanza.

Kulifanya pamoja na wenzako

Msimamizi aliye peke yake hurejesha kwa kutumia yaliyomo kichwani mwake, na hati aliyoiandika huachwa bila kujaribiwa. Mwenzako kutoka ofisi nyingine ndiye mkaguzi bora wa hati hiyo, kwa sababu hajui nywila ziko wapi wala kwa nini saraka fulani inaitwa inavyoitwa. Dar es Salaam, Nairobi, Arusha au Mombasa, kukusanya watu watano au sita wa fani hii Jumamosi asubuhi kwenye ofisi yenye projekta na jenereta si jambo gumu, na wanaosimamia Oracle au SQL Server waalikwe pia, kwani maswali ni yale yale hata amri zikitofautiana.

Msilete data ya wateja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Rafiki wa fani hajawa mtu aliyeruhusiwa kuona madeni ya wanachama wako. Tumieni pgbench, programu ya majaribio inayokuja na PostgreSQL na kutengeneza data ya benki ya kubuni:

pgbench -i -s 100 zoezi
pgbench -c 4 -T 1200 zoezi

Amri ya kwanza huunda akaunti 10,000,000, gigabaiti moja na nusu hivi. Baada yake chukueni nakala ya msingi. Ya pili huendesha miamala kwa dakika ishirini. Wakati miamala inaendelea, mtu mmoja aliyechaguliwa afute nusu ya mistari ya pgbench_branches, jedwali la matawi, bila kuwaambia wengine, na aandike saa kwenye karatasi aikunje mfukoni. Mtu wa pili arejeshe kwa kufuata hati iliyoandikwa na wa tatu, ambaye haruhusiwi kusema neno. Ubora wa pgbench ni kwamba kila muamala huongeza kiasi kile kile kwenye akaunti, kwa keshia na kwa tawi, kisha hukiandika kwenye historia, hivyo jumla nne zinatakiwa kulingana: abalance, tbalance, bbalance na delta. Jumla ya matawi ikiwa tofauti na nyingine, mmepitiliza muda wa uharibifu. Mkitaka kuendesha miamala mara ya pili ongezeni -n, kwa kuwa bila hiyo pgbench huifuta historia kabla ya kuanza na ulinganisho unaharibika.

Kila mahali ambapo mrejeshaji alikwama au aligeuka kumtazama mwandishi wa hati, pawekewe alama na parekebishwe siku hiyo hiyo. Kwenye kundi la WhatsApp mtakalobaki nalo, jiwekeeni sharti la kutobandika pg_hba.conf wala picha za skrini zenye anwani za seva, hata kama anayeomba msaada amebanwa.

Hati iliyosahihishwa ichapishwe kwenye karatasi, iwe na mahali ulipo ufunguo wa kusimbua nakala na majina ya watu wawili wanaoweza kuufikia, na nakala yake ikae kwenye tawi jingine pamoja na ile diski ya nje.