Stoikiometria hatua kwa hatua, tukianzia kwenye tanuri la chokaa

Kila mwaka nikiingia kwenye hii topiki ya stoikiometria, yaani hesabu za kiasi gani kinaingia na kiasi gani kinatoka kwenye mmenyuko wa kemikali, naona kitu kilekile, mwanafunzi anajua kugawanya, anajua kuzidisha, mlinganyo kausawazisha vizuri kabisa, afu anakosa swali kwa sababu kachukua gramu akalinganisha na gramu moja kwa moja. Inaniuma kwa kweli, maana hesabu zenyewe ni za darasa la saba. Kwa hiyo leo twende taratibu, na mfano wetu ni chokaa. Watu wa pwani mnalijua tanuri, mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa, na yakitoka pale yanakuwa mepesi kuliko yalivyoingia. Mepesi kwa kiasi gani? Hilo ndo swali letu.

Hatua ya 1: andika mlinganyo, usawazishe. Jiwe lenyewe sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na likipata moto mkali linavunjika kuwa chokaa (CaO) na kaboni dayoksaidi (CO₂), hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Hesabu atomi, kushoto kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni 3, kulia vilevile, basi huu umeshakaa sawa. Ukikutana na ambao haujakaa sawa, mfano H₂ + O₂ → H₂O, unaweka namba mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Zile namba ndogo za chini usiziguse kabisa, kwa sababu ukiandika H₂O₂ ili oksijeni zitoshe, atomi zitalingana ndio, lakini hayo sio maji tena, hiyo ni haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda.

Hatua ya 2: tafuta uzito wa moli moja. Moli ni idadi, basi. Waliowahi kununua boriti wanajua korija ni vipande 20, korija ya boriti na korija ya fito zote ni 20 lakini ukizibeba begani utajua tofauti. Moli nayo ni hivyohivyo ila idadi yake ni kubwa mno, 6.02 × 10²³, na uzito wake kwa gramu unautoa kwenye jedwali la elementi. Ca ni 40, C ni 12, O ni 16. Kwa hiyo CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100, CaO ni 56, CO₂ ni 44. Angalia, 56 + 44 inarudi 100, hakuna kilichopotea.

Hatua ya 3: geuza gramu kuwa moli. Tuseme una gramu 50 za jiwe, 50 ÷ 100 = moli 0.5.

Hatua ya 4: tumia uwiano wa mlinganyo. Hapa ni 1 kwa 1, moli 0.5 za jiwe zinatoa moli 0.5 za chokaa. Namba za mbele kwenye mlinganyo zinahesabu vipande, hazijui habari za uzito, ndo maana lazima upite kwenye moli kwanza.

Hatua ya 5: rudi kwenye gramu. 0.5 × 56 = gramu 28. Ukichoma kilo 500 uwiano ni uleule, unapata kilo 280 za chokaa na kilo 220 zimeondoka kama kaboni dayoksaidi, yaani karibu nusu ya mzigo umepaa hewani! Hiyo ni kama jiwe ni safi na limeiva lote. Mara nyingi moyo wa jiwe unabaki haujaiva na linakuwa na mchanga, kwa hiyo ukipata kilo 252 badala ya 280, chukua 252 ÷ 280 × 100, ufanisi wako ni asilimia 90.

Sasa tuje kwenye ile sehemu ngumu, wanapokupa vitu viwili kwa pamoja wanakuuliza kipi kinaisha kwanza. Chukua gramu 10 za CaCO₃ umwagie sentimita za ujazo 100 za asidi ya haidrokloriki (HCl) ya molari 1.5, yaani kila lita moja ina moli 1.5 za asidi:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Jiwe ni 10 ÷ 100 = moli 0.1. Asidi, sentimita za ujazo 100 ni lita 0.1, kwa hiyo ni 0.1 × 1.5 = moli 0.15. Wengi wanaona 0.1 ndo ndogo wanasema jiwe linaisha kwanza, na hapo ndo wanapigwa. Fikiria fundi baiskeli ana fremu 10 na matairi 15, fremu ni chache lakini kila fremu inakula matairi mawili, kwa hiyo matairi ndo yanamkwamisha. Hapa moli 0.1 za jiwe zinataka moli 0.2 za asidi, wewe unazo 0.15 tu, asidi inaisha kwanza na hesabu yote iliyobaki inaifuata asidi. CO₂ ni 0.15 ÷ 2 = moli 0.075, zidisha kwa 44 unapata gramu 3.3. Jiwe lililotumika ni moli 0.075, limebaki 0.025, yaani gramu 2.5 ziko chini ya bika hazijaguswa.

Jaribu hili kabla hujafunga daftari. Sodiamu haidrojeni kaboneti, ile soda ya kuumulia, ikipashwa moto inavunjika hivi: 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Una gramu 16.8, na Na ni 23, H ni 1. Gramu ngapi za CO₂ zinatoka? Jibu ni 4.4, na ukipata 8.8 rudi hatua ya 4, ile 2 ya mbele umeiruka.