Kutenganisha mirija ya kaboni kwa sabuni mbili zinazogombana

Watu wa Kigoma hii mada ya mirija ya kaboni (vijibomba vya kaboni vidogo mno, havionekani kwa macho) isitutishe, sabuni zenyewe ni kama ndugu zetu: ya kwanza ni SDS (sodium dodecyl sulfate), ule mkia wake wa kaboni 12 unaweza kutoka kwenye mafuta ya mise, na ya pili, dioksikoleti, asili yake nyongo ya ng'ombe. Ila usije ukakata kipande cha sabuni ya mawese ukasema unajaribu, ikikutana na maji ya chumvi chumvi inatoa utando na kazi imekufa, tafuta zile safi za maabara.

Unga wa mirija unakuja mchanganyiko, kama theluthi moja ya mirija inapitisha umeme kama chuma, iliyobaki ni semikonda (inapitisha umeme nusu nusu), na unene nao ni tofauti tofauti. Vaa barakoa na glovu, vumbi hilo si la kuvuta.

Weka miligramu 1 ya unga kwa kila mililita ya maji yenye dioksikoleti asilimia 1, piga na sonaiketa ya ncha (mashine ya kutikisa kwa mawimbi ya sauti) kama saa moja chupa ikiwa kwenye barafu, maana mirija imeng'ang'aniana kama tambi zilizopoa. Zungusha kwenye sentrifyuji, mafungu yatuame, we chukua maji meusi ya juu.

Sasa utamu. Changanya PEG na dekstrani (polima mbili zinazoyeyuka kwenye maji) ndani ya maji, yaani yote ni maji lakini yanakataana na kujigawa tabaka mbili, kama mawese yaliyolala, mazito chini mepesi juu (ujanja huu kwa mirija waliutoa watu wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, 2013). PEG inakaa juu. Mrija uliovaa dioksikoleti unabaki chini, uliovaa SDS unapanda, kwa hiyo dioksikoleti iache karibu asilimia 0.05 afu SDS uipandishe kidogo kidogo kuelekea asilimia 1 hivi, kila mara tikisa, zungusha, nyonya tabaka la juu, weka PEG mpya. Minene inatangulia, myembamba inachelewa. Ukiona rangi ya zambarau imejitenga, hapo mrija wa 6,5 (aina moja ya ile myembamba, namba hizo ni jina la mpangilio wa kaboni zake) umeanza kuupata.

Mi mara ya kwanza nilisahau kuhesabu dioksikoleti iliyokuja na yale maji meusi, nikamwaga SDS mpaka mkono ukachoka, hakuna kilichopanda. Na joto lisibadilike, joto la saa nane mchana hapa Ujiji na asubuhi yake hazitakupa jibu moja.