Jinsi ya kuupata mkutano wa kuacha pombe, na kuingia mlangoni

Mimi ni fundi cherehani Nairobi. Nilijua pombe imenishinda asubuhi moja niliposhindwa kutia uzi kwenye sindano mpaka nilipoonja kidogo ndipo vidole vikatulia. Kama mikono yako nayo hutetemeka ukiikosa, tafadhali anza kwa daktari, mkutano ufuate. Usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaweza kupatwa na degedege, na siku ya pili au ya tatu mtu akaweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Hospitali zina dawa za kukuvusha siku hizo. Mweleze daktari kiasi chote unachokunywa, usimpunguzie.

Ukitafuta mkutano hapa Kenya, piga 1192. Ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na haitozwi. Taja mtaa unaokaa, na useme wazi kwamba hutafuti kulazwa, unatafuta kikundi cha kukutana na wenzako. Ulizia AA kwa jina, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Chama hicho kilianzia Akron, Marekani, mwaka wa 1935, pale dalali wa hisa na daktari, wote walevi, walipoona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mhubiri au mke. Uliza pia kwenye ofisi ya parokia, maana mikutano mingi hufanyika katika vyumba vya kanisa, na muulize muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Aliye mbali na mji anaweza kuhudhuria kwa simu kupitia Zoom, ingawa mimi bado napendelea kukaa karibu na watu.

Kabla ya kupanda matatu, piga simu uhakikishe siku, saa na mlango. Niliwahi kupanda mbili nikakuta chumba kimefungwa, kikundi kilishahama, na nikiwa njiani kurudi nikalewa. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata dada yako anaweza kukusindikiza, au ni wa wanaotaka kuacha pekee. Na ukiweza kuchagua siku, chagua ile unayokunywa zaidi. Kwangu ilikuwa Jumamosi jioni, wateja wakishachukua nguo zao na kulipa.

Siku ya kwanza nililipita lile geti mara tatu. Niliogopa kukutana na mteja, au mama wa kanisani. Ndani palikuwa na viti vya plastiki na mzee mmoja anayemimina chai. Akasema, "Karibu mama. Sukari vijiko vingapi?" Hakuniuliza jina wala kilichonileta. Akanipa kikombe cha nusu. Wengine wote nikaona wamejaziwa, nikadhani ni kwa sababu mimi mgeni. Nilipokishika na chai ikaanza kucheza bila kumwagika, nikaelewa: aliwahi kuwa na mikono kama yangu.

Mkutano wetu huchukua saa moja. Husomwa kurasa chache, kisha mtu mmoja mmoja anasema yake na wengine wananyamaza. Hakatizwi mtu, hashauriwi mtu. Zamu yako ikifika, sema "leo nasikiliza tu" na itapita. Jina la kwanza latosha. Kikapu kitazunguka kwa ajili ya kodi ya chumba na majani ya chai; mgeni halazimiki kutoa, na kikundi hakichukui pesa za watu wa nje. Utasikia Mungu akitajwa, ila kila mmoja kwa jinsi anavyomwelewa. Kwetu Mwislamu na Mkatoliki hukaa benchi moja na asiyesali kabisa. Sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Dada zangu, hili nawaambia ninyi. Tulikuwa wanawake wawili kati ya watu kumi na mmoja. Mtu anayelewa akiwa mama hutukanwa mara mbili, kwa hiyo wengi wetu hunywea ndani na hatuonekani mikutanoni. Mkutano ukiisha usikimbie. Chukua namba za wanawake, na sponsa wako, yaani yule atakayekushika mkono katika hatua 12 za AA za kuacha pombe, awe mwanamke. Mwanamume akijitolea kukusindikiza nyumbani wiki ya kwanza, mshukuru na ukatae.

Usiupime mkutano kwa siku moja. Nenda mara sita, na ukiona hukai sawa, jaribu kikundi kingine. Ukiteleza, rudi. Mimi niliteleza mara mbili mwaka wa kwanza, na nilirudi nikinuka. Waliniomba nisikilize tu siku hiyo, na hakuna aliyenifukuza. Hesabu ya siku bila pombe ilianza upya kutoka moja. Mume wako au mama yako anayeumia naye ana kikundi chake, Al-Anon. Mwambie aulizie, hata kama wewe hujawa tayari.

Jambo la mwisho ni nauli. Pesa ikiwa mfukoni Jumamosi, keg, ile bia ya pipa, itaipata kabla ya matatu. Itenge Ijumaa, ya kwenda na ya kurudi, na uiweke usipopagusa ovyo. Yangu hukaa kwenye kopo la bobini, chini ya bobini za uzi mweusi.