SOMO: Kumwandaa mtoto kwa kambi ya kutwa ya kiangazi chuoni

Habari zenu wazazi wenzangu. Kila ifikapo Februari naulizwa yale yale kuhusu kambi za kiangazi, nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Nazungumzia kambi za kutwa zinazoendeshwa na vyuo vikuu hapa Marekani: mtoto anaenda asubuhi anarudi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki ina mada yake. Wiki hii roboti, wiki ijayo uchoraji, nyingine mpira au wanyamapori. Mimi niko Iowa City, mji wenye familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Iowa kina kambi za wanyamapori huko Macbride, msituni karibu na ziwa, nje kidogo ya mji. Mifano yangu mingi itatoka huko, ila utaratibu unafanana karibu kila jimbo.

Niseme mapema ninachoamini. Wazazi wengi hujitaabisha na begi, na begi ni kazi ya nusu saa. Mtoto hufaidi kambi pale ambapo fomu zimejazwa sawasawa, na yeye mwenyewe anaweza kufungua mdomo mbele ya mtu mzima asiyemjua.

HATUA YA 1: Chagueni wiki pamoja

Kambi nyingi hufungua usajili kati ya Januari na Machi, na wiki zinazopendwa hujaa upesi. Usingoje shule zifungwe. Keti na mtoto, msome maelezo ya kila wiki, na msiishie kwenye jina la mada. Someni siku yenyewe inavyokwenda. Kwenye kambi ya roboti mtoto hukaa ndani, mezani, akivuta subira. Kwenye ya wanyamapori yuko nje kutwa nzima na jua, mbu na matope. Mtoto asiyeweza kutulia ukimpeleka kwenye kompyuta kwa sababu wewe unataka awe injinia, umemtesa na pesa imepotea.

Angalia darasa. Kambi nyingi huhesabu darasa ambalo mtoto ataingia shule zikifunguliwa, siyo alilomaliza. Na kwa familia zilizokuja kama wakimbizi, ile tarehe ya 1 Januari iliyoandikwa kwenye karatasi za watoto wengi inaweza kumweka mtoto kwenye kundi lisilomfaa. Waandikie ofisi ya kambi uwaeleze yuko darasa la ngapi.

Ada ikikutisha, tafuta maelezo ya msaada wa ada kabla ya kukata tamaa. Kambi nyingi za vyuo hutenga nafasi za punguzo au za bure, na maombi yake huwa na tarehe yake ya mwisho. Hizo nafasi zipo kwa ajili ya watu kama sisi. Ombeni bila aibu.

HATUA YA 2: Fomu

Zijaze wiki kadhaa kabla, usiku watoto wamelala, ukiwa na kadi ya bima mkononi. Utakutana na haya:

Chanjo. Kambi hutaka rekodi, na baadhi hutaka fomu ya uchunguzi iliyosainiwa na daktari. Kama karatasi za kambi ya wakimbizi, iwe Nyarugusu au Kakuma, zilipotea njiani, usihangaike. Chanjo alizopata mtoto hapa kwa kawaida zimo kwenye sajili ya jimbo, na kliniki yake inaweza kukuchapishia. Miadi ya daktari mwezi wa Mei ni shida kuipata, kwa hiyo piga simu mapema.

Afya. Hapa naomba tuache kuficha. Pumu, kifafa, selimundu, kujikojolea akilala mchana, aleji ya mayai: andika. Najua kwetu ugonjwa wa mtoto ni siri ya nyumba. Lakini mtoto mwenye selimundu anayekimbizwa kwenye joto la Julai bila maji anaweza kuishia hospitali, na kiongozi asiyejua hatamwita apumzike. Dawa zote ziende kwenye chupa yake ya asili yenye lebo ya famasi, wakabidhiwe watu wazima. Dawa ya kupulizia ya pumu, uliza kama mtoto anaruhusiwa kutembea nayo, maana mara nyingi hutakiwa sahihi ya daktari.

Watu wa kumchukua. Hapa ndipo wengi hukwama. Atakayemchukua lazima jina lake liwe kwenye orodha na awe na kitambulisho chenye picha. Anko, jirani, binamu mkubwa, mama wa kanisani: asiyeandikwa hapewi mtoto, hata mtoto akimrukia shingoni. Andika watu zaidi ya wawili, hasa kama mnafanya kazi za zamu kiwandani.

Ruhusa za kupigwa picha na za mafuta ya kukinga jua. Ya picha ni hiari yako kabisa. Mafuta ya jua hapa yanahesabiwa kuwa dawa, ndiyo maana wanaomba sahihi kabla ya kumsaidia mtoto kupaka. Na ndiyo, watoto wetu weusi nao wapake. Ngozi yetu huungua pia.

HATUA YA 3: Mdomo wa mtoto

Hii ianze mwezi mzima kabla.

Tumewalea watoto wetu vizuri. Wanaamkia, hawajibizani na wakubwa, wakipewa wanapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Sitaki hata moja kati ya hayo lipotee. Lakini kwenye kambi kiongozi wake ni mwanafunzi wa chuo wa miaka kumi na tisa au ishirini, anayeitwa kwa jina lake la kwanza, mwenye watoto kumi mbele yake. Mtoto akinyamaza, yule kijana anadhani mambo ni mazuri. Ana kiu, kanyamaza. Kiatu kimembana, kanyamaza. Hajaelewa mchezo, anasimama pembeni anatazama chini, na jioni tunaambiwa kwamba hapendi kushiriki. Kumbe ameshika adabu.

Kwa hiyo mwambie waziwazi, baba na mama wote wawili mkiwepo: ukiwa kambini, kumwambia mkubwa kwamba una kiu, unaumwa, umepotea, hujaelewa, au hutaki kuguswa, ni adabu vilevile. Mtoto akisikia ruhusa hiyo kutoka kwa wazazi, mwili wake unalegea. Nimewaona.

Kisha afanye mazoezi. Mkienda kula, aagize mwenyewe. Dukani, amuulize mhudumu soksi ziko wapi wewe ukiwa hatua tatu nyuma, na usimsemee hata akikugeukia kwa macho ya kuomba. Daktari akiuliza inauma wapi, mwache ajibu. Mtoto aliyefika juzi na Kiingereza chake bado kidogo, mfundishe sentensi tano tu mpaka zitoke bila kufikiri: nataka kwenda chooni, nataka maji, naumwa hapa, sijaelewa, nimepotea. Jina lake pia. Kama anaitwa Nsimire au Mwanaidi, afundishwe kulitamka polepole na kumsahihisha anayelikosea, badala ya kukubali jina alilobandikwa.

Na lile ambalo hatupendi kulisema. Baada ya kashfa ya Chuo Kikuu cha Penn State iliyolipuka mwaka 2011, vyuo vingi vilikaza masharti juu ya watoto wanaoingia kwenye maeneo yao: wafanyakazi kuchunguzwa rekodi zao, mtu mzima kutokaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Uliza kambi yako ina masharti gani, ni haki yako. Nyumbani mwambie mtoto kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo baba na mama hawatakiwi kuijua. Mtajie sehemu zake za siri kwa majina yake. Namba ya simu ya mmoja wenu aijue kwa kichwa.

HATUA YA 4: Begi

Begi la mgongoni, chupa kubwa ya maji, kofia, koti jepesi la mvua, nguo za kubadili. Kila kitu kiandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, hadi kofia. Simu, saa ya bei na hereni za dhahabu zibaki nyumbani.

Viatu ni raba zilizokwisha kuvaliwa, vya kufunika vidole. Kandambili hazifai, na kwenye kambi za maabara hatoingia nazo kabisa. Huko huko maabara watamtaka na suruali ndefu na nywele zilizofungwa.

Kwa kambi za porini ongeza dawa ya mbu, na jioni mkague kupe: nyuma ya masikio, ndani ya nywele, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Mwonyeshe pia picha ya poison ivy, mmea wa majani matatu matatu unaoota kwa wingi huku. Ni kama upupu wetu, ila wenyewe hauwashi papo hapo. Vipele hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati umeshasahau mtoto alipita wapi. Akiugusa, aoshwe kwa sabuni haraka na nguo zifuliwe.

HATUA YA 5: Chakula

Kambi nyingi hazina friji wala maikrowevu kwa ajili ya watoto. Chupa ya chakula inayotunza joto inasaidia sana: ijaze maji yanayochemka kwa dakika kumi, yamwage, ndipo utie wali na maharage, vitakuwa na joto hadi mchana. Chapati iliyokunjwa na yai ndani, sambusa, matunda, vyote vinakwenda. Samaki mwenye miiba hapana.

Kambi ikisema karanga haziruhusiwi, fikiria jikoni kwako kweli kweli. Mchicha wa karanga, kashata, sombe (kisamvu) iliyotiwa karanga, vyote vinahesabiwa. Kuna mtoto humo ndani ambaye chembe kidogo inaweza kumziba pumzi.

HATUA YA 6: Asubuhi ya kwanza

Mkaendeshe njia Jumapili, kwa sababu chuo ni kikubwa na maegesho yanachanganya. Jumatatu agana naye kwa ufupi, kisha uondoke. Kuchelewa kumchukua hutozwa faini sehemu nyingi, kwa hiyo kama zamu yako inaisha baada ya saa 10, lipia muda wa ziada wa jioni tangu siku ya kujiandikisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mabinti, Columbus: Binti yangu kasukwa rasta juzi tu na kambi ina kuogelea kila siku. Nifumue?

Usifumue. Kabla ya kuingia majini zilowesheni nywele kwa maji safi na kupaka kandishena, zikishalowa hazinywi klorini nyingi. Kofia za kuogelea za kawaida hazitoshi rasta. Zipo kubwa zilizotengenezwa kwa nywele zetu, nunua mapema. Jioni suuza na ukaushe mashina vizuri. Na uandike ukweli kwenye fomu kuhusu uwezo wake wa kuogelea, maana kambi nyingi huwajaribu watoto siku ya kwanza na asiyeweza hubaki maji mafupi. Hakuna aibu hapo.

Baba Mzanzibari, Minneapolis: Assalaam alaykum. Sala na nguo za kuogelea za binti vipi? Na chakula wanachogawa?

Waalaykum salaam. Huku kwetu Iowa mwezi wa Julai adhuhuri inaingia saa 7 na dakika kama kumi, na alasiri ni baada ya saa 11 jioni. Minneapolis haipishani sana. Mtoto anayetoka saa 10 anaiwahi adhuhuri nyumbani. Ijumaa ndiyo yenye mtihani, waulize kama unaweza kumtoa mapema. Nguo ndefu za kuogelea waandikie kabla, kwa kawaida hawakatai ikiwa ni kitambaa cha kuogelea. Kwenye chakula angalia sana zile peremende laini nyeupe wanazochoma motoni, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Mfungie zake za halali, atachoma na wenzake.

Papa wa watatu, Louisville: Aksanti mama. Mimi na bibi yangu Kiingereza chetu ni kidogo, fomu tunajaziwa na mtoto mkubwa. Ni mbaya?

Karibu papa. Jina na anwani, hakuna neno. Sehemu ya afya na ya ruhusa, hapana. Mtoto asibebeshwe kazi ya kueleza magonjwa ya nduguye, na akikosea neno moja la dawa ni hatari. Omba mkalimani kwa ofisi ya kambi, au mpelekee karatasi mhudumu wa shirika lililowapokea, au mfanyakazi wa shule anayeshughulika na familia. Usisaini usichokielewa.

Dada mgeni, Dallas: Wanangu wana miaka 9 na 14. Nimesikia ada ya kambi inasaidia kwenye kodi. Ni kweli?

Kweli, kwa masharti. Mtoto awe chini ya miaka 13, kwa hiyo wa miaka 9 anahesabiwa na wa 14 hapana. Wazazi muwe mnafanya kazi au mnatafuta, au mmoja ni mwanafunzi wa muda wote. Kambi iwe ya kutwa, hata kama ni ya kompyuta au mpira peke yake. Ya kulala huko haihesabiwi. Gharama zinazotambuliwa ukomo wake ni dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi, na kinachopungua kwenye kodi ni asilimia tu ya hizo, kutegemea kipato. Kama hudaiwi kodi ya mapato, haitakuletea pesa mkononi. Fomu ni namba 2441. Tunza risiti, na uiombe kambi namba yake ya kodi kiangazi hiki hiki, maana Februari, wakati wa kujaza kodi, ofisi nyingine hazijibu upesi.